Binti Lukumani Aenda Ujiji kwa Baiskeli

Mwanahawa binti Lukumani aliachwa na mumewe kwa sababu ya kicheko. Mume huyo, Twalibu, alikuwa mfunga vidonda katika zahanati moja upande wa Nzega, na alikuwa na baiskeli aliyoipenda kuliko binadamu yeyote. Kila jioni aliifuta kwa kitambaa chenye mafuta na kuiingiza chumbani ilale karibu yake. Siku moja akaamua kupita nayo mbele ya watu waliokuwa wakitoka msikitini, akaachia usukani ili waone anavyojua, akaingia moja kwa moja kwenye shimo la kufyatulia matofali. Watu wazima walikimbia kumwinua. Mwanahawa alibaki mlangoni akicheka mpaka akalazimika kuushika mwimo. Talaka ilitoka juma lile lile.

Aliporudi Tabora kwa baba yake hakulia. Aliwaambia shangazi na majirani waliokuja kumpa pole kwamba mwanamume anayeangushwa na kicheko asingemfikisha popote, na kwamba baiskeli ile yeye mwenyewe alikuwa akiiendesha uani kila Twalibu alipolala usingizi wa mchana. Wanawake wale waliondoka wakinong'onezana kwamba ulimi ule hautapata mume mwingine. Mwanahawa aliwasikia. Aliona kuwa wanawake hao wote walikuwa na waume, na hakuona kilichowazidishia.

Baba yake, Fundi Lukumani, alishona kanzu kwenye baraza la duka la Mhindi, karibu na soko. Katika kushona hakuwa na mpinzani mjini; taabu ni kwamba mdomo wake ulikwenda kasi kuliko cherehani. Alikuwa na babu, marehemu siku nyingi, ambaye kwa maelezo yake alikuwa kirangozi, yaani yule anayeutangulia msafara wa pembe za ndovu akiwa na bendera mkononi, kutoka Unyanyembe, huku Tabora, mpaka Ujiji. Mteja aliyekuja kupimwa mabega alitoka na vipimo pamoja na babu. Kadiri miaka ilivyopita, babu huyo naye alizidi kupanda cheo. Mwanahawa alipokuwa mdogo, babu alikuwa ameongoza wapagazi mia. Alipoolewa walikuwa mia tano. Aliporudi na talaka yake akakuta babu ana bunduki ya fedha na Waarabu wanamwamkia.

Aliyeharibu mambo ni Mzee Alois, Mkatoliki wa Kigwa aliyeuza ugoro hatua chache kutoka kwenye cherehani. Huyu alikuwa amemsikia babu kwa miaka mingi akavumilia. Siku moja, watu wakiwa wengi barazani, akauliza kwa upole kama Fundi mwenyewe amewahi kufika Ujiji. Fundi akasema bado. Je, Urambo? Bado. Alois akasema yeye humwona Kigwa mara mojamoja, kwenye mazishi, naye huja kwa treni. Watu walicheka sana. Fundi Lukumani akasimama, akavua miwani, akatangaza kwamba dada yake Kuluthumu wa Ujiji anamwoza binti baada ya Ramadhani, na kwamba yeye hatapanda treni kama mzigo. Ataifuata njia ya babu yake kwa baiskeli, kutoka Tabora mpaka ziwani.

Ilikuwa zaidi ya maili mia mbili, na alikuwa na umri wa miaka hamsini na kitu. Baiskeli alikuwa nayo, imara na nyeusi, aliyoitumia kutoka nyumbani mpaka sokoni na kurudi.

Nyumbani alisubiri akatazwe, lakini hakuna aliyemkataza. Mwanawe wa kiume, Saidi, karani wa reli aliyekuwa amehamishiwa Dodoma, alituma salamu kwamba mzee asimwaibishe mbele ya wafanyakazi wenzake. Wapwa zake kila mmoja aligundua kuwa ana kazi. Hapo ndipo Mwanahawa aliposema kwamba atakwenda naye. Baiskeli ya Saidi ilikuwa imeachwa stoo ikiliwa na vumbi, na suruali yake ilikuwa kwenye sanduku. Fundi alipouliza mwanamke ataendeshaje baiskeli mbele za watu, Mwanahawa alijibu kwamba wataonekana mpaka Usoke tu, kwa sababu hapo ndipo baba atakapogeuza.

Kwa kweli hiyo ndiyo iliyokuwa sababu yake. Alitaka kuwapo baba atakapogeuza. Alikuwa amesikia habari za babu tangu alipoanza kusikia, akaona anastahili kushuhudia mwisho wake. Sababu nyingine, ambayo hakumwambia mtu, ni kwamba uani kwao alikuwa ameshahesabu nyufa zote za ukuta.

Siku ya kuondoka Fundi alivaa kanzu mpya aliyojishonea mwenyewe, yenye darizi shingoni, na koti juu yake, na kofia ya kiua, akajipaka marashi. Alikuwa kama anakwenda kupiga picha. Mwanahawa alivaa suruali ya kaka yake, gauni refu juu yake, na kitambaa kichwani. Wanawake wa mtaa walisimama milangoni wakaziba midomo kwa kanga. Mzee Alois naye alikuja, akawatakia heri, akasema atamwekea Fundi kiti chake barazani kwani huenda akakihitaji jioni ile ile.

Kabla hawajavuka nyumba za mwisho za mji, pindo la kanzu liliingia kwenye mnyororo. Fundi alianguka polepole, kwa heshima, ubavu ubavu. Walilazimika kuikata ile kanzu magotini kwa mkasi wake mwenyewe wa kazi. Mwanahawa hakucheka. Alikuwa amejifunza kwamba kicheko kina gharama, na safari ilikuwa ndiyo kwanza inaanza. Alimpa tu baba mkono na kumwambia kwamba babu bila shaka alivaa nguo fupi.

Njia ile ilikuwa ya mchanga na visiki, na pande zote mbili miti ya miombo isiyokwisha. Kila walipokuta mwembe mkubwa, Fundi alipunguza mwendo akasema kokwa yake ilitemwa na msafara wa babu. Mwanahawa alipomwuliza babu alikuwa akiongoza watu au akila maembe, Fundi alikanyaga kwa nguvu mpaka mwembe uliofuata. Kwenye vilima alishuka na kusukuma, akisingizia tairi. Kwenye miteremko alipiga kengele, ingawa njiani hapakuwa na kiumbe ila kwale.

Walifika Usoke, na Mwanahawa alishangaa kidogo kuona hakugeuza. Walilala kwa Marko, mkulima Mmoraviani aliyewahi kushonewa suti ya harusi na Fundi. Mke wa Marko aliwapa ugali na majani makavu ya kunde, na asubuhi akawafungia michembe, yaani viazi vitamu vilivyokaushwa. Fundi alivitazama vile viazi kama mtu aliyepewa vijiti, akasema kwao mjini hawali vitu vya namna hiyo. Adhuhuri, wakiwa katikati ya pori, Mwanahawa alimkuta amempa mgongo, anatafuna, na mfuko umebaki nusu.

Urambo walipita kwenye mashamba ya karanga ya Waingereza. Hapo serikali ilikuwa imeng'oa msitu kwa mashine ili Ulaya ipate mafuta, kisha mvua ikakataa, ardhi ikawa ngumu kama sakafu, na mpango ukafa. Matrekta yalikuwa yamesimama kwenye nyasi, mengine bila magurudumu, na ndege walikuwa wamejenga ndani ya viti. Mwanahawa alishuka akayatazama kwa muda mrefu. Kwao Tabora, mtu aliyeshindwa hata kuotesha mchicha angeona aibu kutoka nje. Hawa walikuwa wameshindwa kuotesha karanga, zao ambalo bibi yeyote Mnyamwezi hulilima kwa jembe la mkono, na bado walikuwa wakiwaamuru watu wavue kofia. Fundi alisema ni maajabu ya mitambo. Alikuwa na heshima kubwa kwa kitu chochote kikubwa.

Mambo yaligeuka Kaliua. Walifika mchana, jua kali, magoti ya Fundi yamevimba na makalio yake hayasemeki. Aliomba wapumzike karibu na stesheni, chini ya kivuli cha bohari, na Mwanahawa akaenda kutafuta maji. Aliporudi alimkuta baba amefungasha mizigo upya, baiskeli yake imefungwa kijikaratasi cha reli kwenye usukani, na mkononi ana tiketi mbili za daraja la tatu.

Alikuwa amelipanga jambo lote. Watapanda treni inayokuja, wateremke kituo kimoja kabla ya Kigoma, waendeshe kile kipande kilichobaki, waingie Ujiji na vumbi lao. Vumbi ni vumbi, alisema, halisemi limetoka wapi.

Mwanahawa alimtazama mpaka Fundi akaanza kurekebisha kofia yake.

"Baba," alisema, "ungegeuza Usoke ningekuheshimu. Mtu aliyechoka akirudi nyumbani ni mtu aliyechoka tu. Lakini wewe unataka kuchoka kwa treni na kusifiwa kwa baiskeli."

"Mimi ni baba yako, Mwanahawa. Nimesema tunapanda."

"Panda. Mimi niliaga watu kwamba nakwenda kwa baiskeli."

Akafunga maji kwenye keria, akachukua mfuko wa michembe, akaondoka. Nyuma yake alisikia akiitwa mara kadhaa, kwanza kwa hasira, kisha kwa kubembeleza. Alijua kwamba baba anaweza kuchukua baiskeli yake akamfuata. Aliendesha taratibu kwa muda, pengine taratibu kuliko ilivyohitajika. Hakuja.

Njia ilikwenda sambamba na reli. Jua lilipoanza kulegea alisikia treni inakuja nyuma yake. Aliweka mguu chini akasimama kando. Mabehewa yalipita polepole kwa sababu ya mwinuko, na kwenye dirisha moja la daraja la tatu alimwona Fundi Lukumani, kiwiko nje, anakula yai la kuchemsha. Macho yao yalikutana. Fundi alivuta kofia ikafunika nyusi, kisha akajirudisha ndani, yeye na yai lake. Treni ikaondoka na moshi ukabaki.

Mwanahawa alikaa kwenye tuta la reli akalia kwa mara ya kwanza tangu alipooana na Twalibu. Alilia kwa hasira na pia kwa woga, maana pori lile lilikuwa tupu. Serikali ilikuwa imewahamisha watu wa huko kwa ajili ya malale, na vijiji vilivyobaki vilikuwa vigingi na vigae vya vyungu. Alipomaliza kulia alijidharau kidogo, akala kiazi kikavu, akapanda baiskeli.

Usiku alilala kwenye kambi za watengeneza reli, kwa wake zao, ambao kila mmoja alimuuliza mumewe yuko wapi na kila mmoja alijibiwa jibu tofauti. Mbele kidogo palikuwa na kizuizi cha mbung'o, kibanda cha nyasi na mlinzi mwenye wavu, ambaye kazi yake ilikuwa kuwakamata wale wadudu waliong'ang'ania mgongoni mwa wasafiri na chini ya baiskeli zao. Mlinzi huyo aliitwa Luhende. Alimzunguka Mwanahawa na wavu wake, akamtoa mbung'o wawili mabegani, kisha akamwuliza kwa nini mwanamke anatembea peke yake amevaa suruali. Mwanahawa akamwuliza kwa nini mwanamume mzima analipwa kukimbiza nzi. Luhende alifikiri, akakubali kwamba hata yeye hajui, akampa uji.

Hapo alikutana na wachuuzi wa chumvi, kundi la wanaume wanaokwenda Uvinza na baiskeli tupu na kurudi zimeelemewa na magunia. Walimkataza asiwafuate. Alisema njia si yao. Walikaza mwendo ili wamwache, naye akabaki nyuma yao umbali wa kuwasikia wakimsema. Siku ya pili mmoja wao alipata pancha na gundi yao ilikuwa imekauka. Mwanahawa alikuwa na kopo la gundi la Saidi. Aliwaacha wasubiri, akanywa maji kwanza, akafunga tena chupa, ndipo akawapa. Baada ya hapo hawakukimbia tena. Mto Malagarasi walivuka pamoja kwa mtumbwi, baiskeli zimelazwa juu ya magoti, na walipoachana Uvinza, kwenye moshi wa majiko ya chumvi, mkubwa wao alimpa gunia dogo la chumvi aipeleke harusini. Mwanahawa hakutoa asante nyingi, wala mkubwa huyo hakuzidai.

Aliingia Ujiji mchana mmoja, midomo imepasuka, gauni limegeuka rangi ya njia. Nyumba ya shangazi yake Kuluthumu haikuwa ngumu kuipata, kwani watu walikuwa wamejaa mpaka nje. Katikati yao, juu ya mkeka, ameegemea mito, alikuwa Fundi Lukumani. Alikuwa amefika siku nyingi. Baiskeli yake ilikuwa imeegeshwa ukumbini na kuvishwa taji la maua, na watoto walikuwa wakipewa zamu ya kuigusa. Katika kusimulia safari yake alikuwa amefika kwenye habari ya simba wa Malagarasi.

Alipomwona binti yake alinyamaza katikati ya simba.

Shangazi Kuluthumu ndiye aliyeinuka. Alimkumbatia Mwanahawa, akampangusa uso kwa ncha ya kanga, akamwambia asione haya. Baba yake ameshawaeleza wote jinsi binti alivyoishiwa nguvu Kaliua, naye akamwacha apumzike aje na treni. "Mwili wa mwanamke si wa kazi hizo, mwanangu," alisema. "Na hicho kipande ulichoendesha kutoka Kigoma mjini mpaka hapa, wallahi, nacho si haba. Hongera."

Wanawake walipiga vigelegele vidogo, vya huruma. Wanaume wakamsifu Fundi kwa uvumilivu wa kusafiri na mtu dhaifu. Mwanahawa aliwatazama mmoja mmoja. Kanzu ya baba ilikuwa nyeupe, imekatwa magotini vizuri na kupindwa upya, na hapakuwa na hata mmoja aliyejiuliza mtu hutokaje porini na pindo jipya. Aliona kwamba watu hawa wangeamini hata kama wangeambiwa mtu alikuja amepanda kiboko, alimradi anayesema ni mwanamume mwenye sauti nene. Akampa shangazi chumvi, akaomba maji ya kuoga.

Alasiri baba alimfuata uani, kwenye mawe ya kufulia. Alisimama mbali kidogo, kama mtu anayepima urefu wa mnyororo wa mbwa. Alimwuliza kwa nini hakusema.

"Niwaambie hawa?" Mwanahawa alisema. "Wewe wamekustahili, na wewe umewastahili. Mimi sitatoa jasho langu nilitumie kuwafundisha wapumbavu. Lakini nakwambia wewe, Baba. Harusi ikiisha tunarudi, na tunarudi kwa baiskeli, wewe na mimi, kila hatua. Ukikanyaga stesheni hata kununua ndizi, nitasema hapa, na nitasema Tabora, na nitasema Dodoma kwa Saidi."

Fundi alifungua mdomo, na yumkini babu alikuwa ndani yake, lakini hakutoka. Alisema magoti yake yatakufa. Mwanahawa alisema atayazika.

Waliondoka asubuhi baada ya harusi, mji mzima ukiwapungia, na Fundi Lukumani hakutabasamu. Ilikuwa safari mbaya. Mvua za kwanza zilianza, udongo ukajikunja kwenye magurudumu mpaka wakawa wanaukwangua kwa vijiti. Alianguka kwenye mchanga, akaanguka kwenye tope, na mara moja alianguka akiwa amesimama. Alilalamika mpaka Uvinza. Baada ya Uvinza aliacha kulalamika, jambo ambalo Mwanahawa alilipokea kwa mashaka, na baada ya Malagarasi alitambua kwamba hajasikia habari za babu tangu juzi. Hilo peke yake, alijiambia, lilitosha kuilipa safari.

Treni zilipita, za kwenda na za kurudi. Fundi hakuinua uso kuzitazama. Jioni, kwenye kambi za reli, alikanda magoti yake kwa mafuta ya nyonyo, na asubuhi alikuwa wa kwanza kushika pampu. Mwanahawa aliendesha mbele. Hakumsubiri kwenye vilima, lakini juu ya kila kilima alikuta kuna kitu cha kurekebisha kwenye baiskeli yake mpaka baba alipofika.

Kwenye kizuizi cha mbung'o Luhende alimkumbuka Mwanahawa mara moja. Alipunga wavu wake kumzunguka mzee, akamtazama, akamwuliza binti mzee huyu alipita wapi wakati wa kwenda, maana kwake hakupita na hakuna njia nyingine. Mwanahawa alivuta kitambaa chake kichwani vizuri, akangoja.

"Nilipanda treni," alisema Fundi Lukumani. "Nilimwacha hapa porini nikapanda treni."

Luhende aliinua tena wavu wake. Aliendelea kumtafuta mbung'o mgongoni. Siku ile ndiyo iliyokuwa mara ya kwanza kwa Mwanahawa kumpa baba yake nusu ya kiazi chake bila kuombwa.

Waliingia Tabora mchana wa soko, wamekonda wote wawili, Fundi ana ndevu na kanzu imebaki kama tambara la kufutia taa. Alipitia barazani kwanza, jinsi ambavyo mtu yeyote angefanya. Watu walikuwapo, na Mzee Alois, na kiti. Hakuna aliyesimama. Kumbe mkagua tiketi mmoja, rafiki wa Saidi, alikuwa ameshafika mjini zamani na habari ya mzee mmoja wa kanzu fupi aliyekula mayai kutoka Kaliua mpaka karibu na Kigoma huku baiskeli yake ikisafiri kwenye behewa la mizigo. Mji ulikuwa umeshacheka mpaka umechoka, na sasa ulikuwa umepata nafasi ya kuanza upya.

Fundi aliapa kwamba kurudi ameendesha. Walimwuliza yai lilikuwa shilingi ngapi. Aliwaonyesha viganja vyake, vilivyokuwa vimeota sugu, na magoti. Mmoja akasema treni za siku hizi zina vyuma vikali. Fundi akageuka akamtazama binti yake. Mji wote ulijua kwamba Mwanahawa binti Lukumani hamhurumii mtu, sembuse baba yake, kwa hiyo waliponyamaza ili aseme, walinyamaza kweli.

"Kwenda alipanda treni," alisema Mwanahawa. "Kurudi ameendesha kutoka Ujiji mpaka hapa alipoegesha. Hakukanyaga stesheni hata kununua ndizi."

Waliamini nusu ya kwanza. Ya pili walisema ni heshima ya mtoto kwa mzazi, wakamsifu kwa adabu aliyoipata njiani. Ilikuwa mara ya kwanza katika maisha yake kusifiwa adabu, na aliona ni tusi. Alichukua baiskeli yake akaenda nyumbani.

Fundi Lukumani alirudi kwenye cherehani. Watu walimtania mwaka mzima, kisha wakapata mwingine wa kumtania. Aliposhona alishona kimya, na wateja walioanza kumkumbuka babu walikuta hajibiwi. Katika miezi ile alishona suruali ya kike ya kitambaa kizito, miguu mipana, yenye kiraka cha pili ndani mahali pa kukalia. Hakusema ni ya nani. Aliiacha imekunjwa juu ya kitanda cha binti yake. Mwanahawa aliijaribu, akatoka nayo uani, akamwambia mguu wa kushoto umezidi wa kulia kwa upana wa kidole. Aliivaa mpaka ikaisha, na alipotaka nyingine aliiomba kwa kipimo kile kile.

Maana hakukaa tena uani. Alianza kwenda Ipole, upande wa Sikonge, kununua asali na nta kwa warina wa huko, na kuileta mjini kwenye madebe yaliyofungwa kwenye keria. Warina walijaribu kumwekea asali ya juu nzuri na masega mabovu chini, kama walivyowafanyia wachuuzi wengine. Alitia mkono mpaka kwenye kiwiko mbele yao, akautoa, akautazama, kisha akawatazama wao. Mwaka uliofuata walianza kumchujia wenyewe. Wanawake wa mtaa waliosimama milangoni na kanga midomoni walikuwa wakituma watoto wao kwake na vikombe, na yeye aliwajazia, ila aliwauliza watoto kwa sauti ya kusikika mpaka ng'ambo kama mama zao siku hizi wana afya au bado wanasimama mlangoni.

Wachumba walikuja, wachache, na mmoja wao alikuwa mtu wa maana, Selemani, mwenye duka la vyombo, mjane, asiyejisifu. Mwanahawa alimfikiria kwa uzito. Selemani alikubali kila jambo isipokuwa moja: akiolewa, baiskeli waiendeshe vijana wake wa dukani, yeye akae apumzike. Alilisema kwa upendo, na alishangaa alipoona linavyopokelewa. Mwanahawa alimwambia kwamba ameshawahi kupumzika, miaka miwili kwa Twalibu, na hakuna aliyemuuliza kama amepumzika vya kutosha. Selemani aliomba wiki moja ya kufikiri. Mwanahawa alimpa hiyo wiki, lakini asubuhi yake kulikuwa na zamu ya Ipole. Akafunga madebe, akajaza upepo tairi la nyuma, akapita mbele ya duka la vyombo bila kupunguza mwendo, kwa kuwa barabara ilikuwa mteremko.